Kufuli la Kutu: Jinsi ya Kusifiwa Bila Kutoka Jasho

Sogea karibu nikupe siri. Kufuli lililoshikwa na kutu haliponi mikononi mwa mtu mwenye bidii. Mwenye bidii ndiye anayeliua. Huligonga nyundo, hulikamua kwa koleo, hulipeleka kwenye mashine ya kunolea mpaka maandishi yote yafutike, kisha hubaki na pande la chuma linalong'aa, lisilofunga wala kufungua. Mvivu naye hulitumbukiza kwenye kopo la siki, akaenda kulala, na asubuhi akaamkia pongezi. Nakushauri uwe mvivu. Mimi nimekuwa mvivu wa makufuli kwa miaka mingi hapa Tanga, mji ambao upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana, na rafu yangu imejaa.

1. Lipate kwa bei ya chuma chakavu

Usiende kwa muuza vitu vya kale. Nenda kwa mwenye mizani ya skrepa, pale wanaponunua chuma kwa kilo. Chagua kufuli lako, lakini liokote pamoja na bawaba mbili na nati kadhaa ambazo huzihitaji, uvipime vyote kwa pamoja. Neno "la zamani" lisikutoke mdomoni. Likikutoka tu, kilo inageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Weka sumaku mfukoni, ile ya spika iliyopasuka inatosha. Ikinata kwenye upinde tu na kuteleza kwenye mwili, umepata mwili wa shaba, funga mkono ulipe uondoke. Ikinata kila mahali, ni chuma, na chuma hakina ubaya. Ila mwili ukiwa wa manjano na sumaku ikaung'ang'ania, hiyo ni rangi ya shaba iliyopakwa juu ya chuma. Siki itaivua usiku mmoja. Lichukue ukilijua.

Tafuta jina. Ukikuta Union au Squire, hayo yametoka Willenhall, mji mdogo wa Uingereza ulioishi kwa makufuli. Godrej ni la Mumbai, kampuni iliyoanza na makufuli mwaka 1897. Lenye duara tatu, Tri-Circle, ni la China, na bila shaka liliwahi kufunga duka fulani mtaani kwenu. Wale wa Willenhall waliinama juu ya jiliwa tangu utotoni mpaka wengi wakaota nundu, na mji wao ukapewa jina la utani la Humpshire, yaani nchi ya nundu. Watu hao wamekwisha kuinama kwa niaba yako. Wewe kaa kitini.

2. Piga picha sasa hivi, likiwa baya

Hii ndiyo hatua inayosahauliwa, na aliyeisahau hulia. Bila picha ya kabla, hakuna atakayeamini ulichofanya. Lipige jioni, pembeni mwa dirisha, juu ya gazeti kuukuu, tope lake likiwa bado lipo. Ile ya baada utaipiga saa mbili asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, kufuli likiwa juu ya kitambaa cheusi. Nusu ya kazi ya ufundi huu inafanywa na jua, na jua halidai ujira.

3. Usilifungue

Najua mkono unawasha. Una funguo saba kwenye kopo na mmoja unaingia. Ukiuzungusha leo, utakatikia ndani, na utakuwa umejitengenezea tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza.

Chungulia kwanza kwenye tundu la ufunguo. Mara nyingi utakuta udongo mkavu, mgumu kama kigae. Huyo ni nyigu, amefinyanga nyumba yake humo ndani, na wakati mwingine buibui aliowawekea watoto wake bado wamo, wamekauka. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, toa kwa mwiba wa mlimau au pini, kidogo kidogo. Usitumie bisibisi. Ndani ya kufuli la kizamani mna leva, vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa, kila kimoja kimesukumwa na springi yake. Bisibisi likiteleza mara moja, kurasa mbili zimepinda.

Kisha tia mafuta ya kupenya. Mafuta ya taa yanafaa. Yanayofaa zaidi ni asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, ikichanganywa nusu kwa nusu na oili ya giaboksi ya otomatiki. Tikisa, maana havipendani na hujitenga upesi. Tia matone kwenye tundu na pale upinde unapoingia mwilini, mbali na jiko, kisha liache siku mbili. Likiwa linaloa, unaruhusiwa kumwambia kila anayepita kwamba unafufua kufuli. Kazi inaendelea, hujadanganya.

4. Siki

Siki nyeupe ya dukani ina asidi kama asilimia tano, nayo inatosha. Lizamishe kufuli lote, funika kopo ili nyumba isinuke achari, lala. Ukiamka utaona povu jembamba juu na maji yamekuwa rangi ya chai. Toa, sugua kwa mswaki wa zamani, na kutu itatoka kama masizi ya sufuria. Kama hakuna siki, kamulia ndimu au ponda ukwaju kwenye maji ya moto. Mwili wa shaba ambao haukuliwa, wenye weusi wa uzee tu, hauhitaji kuloweka hata kidogo: usugue kwa ukwaju na kitambaa, dakika kumi, utajiona usoni.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo niliposhindwa mimi.

Bibi yangu aliacha kasha la mbao, na kwenye kasha kufuli la shaba lenye kifuniko kidogo cha kuzungusha juu ya tundu. Ufunguo ulipotea siku za msiba wake. Kasha likang'olewa pete ili nguo zitoke, na kufuli likabaki bovu, limefungwa, likitupwa droo hii na ile, mpaka nilipoliomba. Nikalitia kwenye siki Ijumaa jioni. Usiku uleule nikapigiwa simu ya msiba mwingine, Korogwe, nikaondoka alfajiri na nikalala huko siku nne. Niliporudi, mwili wa kufuli ulikuwa umegeuka waridi, rangi ya ufizi. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na siki ilikuwa imenyonya zinki ikaacha nyekundu juu juu. Nililitikisa. Ndani mkasikika vibati vikigongana ovyo, maana springi zote, ambazo zilikuwa za chuma chembamba kama unywele, zilikuwa zimeyeyuka. Chini ya kopo palikuwa na tope jeusi, basi. Nilikaa nalo kizingitini muda mrefu nisijue nimwambie nini mama.

Kwa hiyo: usiku mmoja, na asubuhi uliangalie. Likihitaji usiku wa pili, lipe wa pili, lakini uwe nyumbani. Uvivu wa kwenda kulala ni ufundi. Kuondoka nyumbani ni kitu kingine.

Likitoka kwenye siki, lichovye kwenye maji yenye magadi kijiko kimoja, dakika kumi, ili asidi iliyobaki ife. Ukiruka hapo, kutu mpya ya rangi ya chungwa itajitokeza kabla hujamaliza kuosha kopo. Halafu lichovye kwenye maji yanayochemka mpaka chuma kishike moto, ulitoe kwa koleo na kuliweka juani. Joto lililomo ndani ya chuma lenyewe litafukuza maji mpaka kwenye kona usizozifikia. Wanaokausha kwa kitambaa wanakausha nje tu.

5. Kama una chaja ya betri ya gari

Hii ni njia ya wavivu wa daraja la juu, na ni kwa makufuli ya chuma pekee. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi yaleyale ya kulainishia maharage, yale meupe yaliyo safi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Fungia kufuli waya wa hasi. Waya wa chanya ufunge kwenye chuma chakavu usichokihitaji. Vitumbukize visigusane, kisha washa chaja ya volti 12.

Kaa pembeni utazame. Vipovu vidogo vitapanda kutoka kwenye kufuli kama soda iliyofunguliwa, na kutu itakatika vipande na kuelea. Uzuri wa njia hii ni kwamba umeme hauli chuma kizima. Unaweza kulisahau mchana kutwa na halitadhurika, jambo ambalo natamani ningelijua kabla ya safari ya Korogwe, ingawa kwa lile la shaba lisingefaa.

Masharti ni manne. Fanya nje, kwa sababu vipovu vile ni haidrojeni na sigara moja inatosha kuvilipua. Usitie chumvi ya kula ili kuharakisha, inatoa klorini. Upande wa chanya usiweke kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwa maana hutoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Na zima chaja kabla mkono haujaingia kwenye ndoo.

6. Kutu isiyotoka, ibadilishe rangi

Sasa tumefika kwenye njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Utasugua, utaloweka, na bado pembe za kufuli zitakuwa na wekundu uliojikita. Acha kupigana nao. Lichemshe kufuli kwenye maji safi nusu saa. Kutu nyekundu itageuka nyeusi. Ni chuma kilekile na oksijeni ileile, vimejipanga upya, na weusi huo hushika vizuri na kulinda kilicho chini yake. Mafundi wa bunduki wameitumia njia hii tangu zamani kuzipa mitutu yao rangi.

Au pika chai ya rangi, kali, isiyo na sukari, iliyokolea mpaka ulimi unakunjamana. Kile kinachokunja ulimi ni tanini, na tanini ikikutana na kutu huifanya nyeusi yenye ubuluu. Magome ya mikoko yana tanini nyingi, ndiyo maana pwani yetu iliwahi kuyasafirisha ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Paka kwa brashi, acha ikauke, rudia mara tatu. Kufuli litaonekana kama limetunzwa na familia moja kwa vizazi. Watu watakuuliza umetumia dawa gani. Sema, "Chai." Hawataamini, na heshima yako itapanda.

Kitu kimoja tu usikiguse: maandishi. Ukikuta herufi zimegongwa, usipitishe msasa hapo hata kama kutu imekaa ndani yake. Tuseme umebahatika kuokota kufuli lenye EAR&H. Hilo ni shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948, na mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, herufi zikabadilika. Herufi nne hizo zinakupa umri wa kufuli bila kumuuliza mtu. Msasa utazifuta kwa dakika moja, na hakuna siki inayoweza kuzirudisha.

7. Ufunguo achonge mwingine

Hapa wapenzi wengi wa makufuli huvunjika moyo, wakidhani lazima wawe mafundi. Kwani fundi funguo pale sokoni ana kazi gani? Mpelekee. Keti kwenye kibao chake, mwagizie kahawa, tazama. Huchukua ufunguo usiochongwa, huupitisha kwenye moshi wa mshumaa mpaka uwe mweusi tii, huuingiza na kuuzungusha kwa upole mpaka ukwame, kisha huutoa. Penye weusi uliokwanguka ndipo leva ilipogusa, na hapo ndipo panapokatwa kwa tupa. Moshi tena, ingiza tena, kata tena. Inaweza kuchukua saa nzima, na ni saa nzuri. Mwombe akuachie tupa mara tatu nne hivi. Tangu siku hiyo una haki ya kusema "tulichonga ufunguo", na kila herufi ya sentensi hiyo ni kweli.

Ukiona aibu kwamba umekaa wiki mbili bila kufungua, jipe moyo kwa Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London mwaka 1851. Dirishani mwa duka la Bramah, mtaa wa Piccadilly, palikuwa na kufuli lililowekwa mwaka 1790 na zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Lilikaa zaidi ya miaka 60. Hobbs alilifungua, lakini ilimchukua saa 51, zilizotawanyika katika siku 16. Alikwenda akarudi, akapumzika, akala. Hakuna anayemkumbuka kwa kuchelewa.

Fanya haya kwa makufuli yako tu, yaliyolala mezani. Ukikutwa umeinama kwenye kufuli la mlango usio wako, hakuna atakayesubiri umalize maelezo yako kuhusu tanini.

8. Mafuta

Usitie mafuta ya kula, hata ya nazi. Yanateleza wiki ya kwanza, kisha yanaganda kama gundi na kukusanya vumbi. Tumia mafuta ya cherehani, matone mawili, hayo tu. Kwa kufuli la pini chonga risasi ya penseli, upulize unga wake ndani. Nje paka nta ya nyuki ukiwa umelipasha kufuli joto kidogo.

9. Liweke mezani, unyamaze

Liweke mahali mkono wa mgeni utakapofika akinyoosha kuchukua kikombe. Ufunguo uwe ndani yake, umezungushwa nusu. Hakuna binadamu anayeweza kuuona ufunguo uliozungushwa nusu akauacha. Ataumalizia, upinde utaruka, naye atashtuka na kucheka.

Hapo usihadithie chochote. Mgeni atahadithia mwenyewe. Hapa Tanga kila kilicho kizito na cheusi ni cha Mjerumani, basi mtu atasema, "Hili la Mjerumani hili." Mwingine atasema babu yake alikuwa nalo bandarini. Kama lina jina la Willenhall, litaje jina hilo ukiulizwa, kisha mimina chai. Chema chajiuza, na chako sasa kimeshapata wauzaji wasiolipwa.

Ila mtu akikuomba akafungie duka lake, mkatalie. Springi iliyokaa na kutu miaka thelathini inaweza kukatika usiku wowote. Kufuli la mezani libaki mezani.

10. Likikataa kabisa

Yapo yatakayokataa, nayo usiyatupe. Kufuli lisilofunguka bado liko kwenye hali yake ya kawaida. Litundike kwenye pete ya mlango wa stoo isiyo na kitu. Litaheshimiwa kuliko jipya.

Na yapo yaliyokwisha kabisa, kama lile la bibi. Nililificha miezi mingi. Siku moja nikampelekea fundi, akaligeuzageuza mkononi akauliza, "Kaka, hili ulilipika?" Nikamweleza. Hakucheka. Alisema springi hazirudi, ila leva zilikuwa za shaba na bado nzima, basi tufungue dirisha. Akachukua msumeno wa chuma, akakata ubavu wa mbele polepole, akatoa kipande kikubwa kama stempu. Ndani leva nne zilikuwa zimelala. Kutoka kwenye saa mbovu ya mezani, ile ya kujaza kwa ufunguo, akakata vipande vyembamba vya springi yake, akavipinda kwa koleo, akavipachika kimoja kimoja. Ufunguo aliuchonga bila moshi wa mshumaa, maana sasa tuliona kila kitu kwa macho.

Kwenye rafu yangu hakuna kufuli linaloguswa kuliko hilo. Halifungi kitu, lina shimo, na waridi yake sikuiondoa. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Akija, hatafuti biskuti, huenda moja kwa moja kwenye rafu, akaketi sakafuni, akaingiza ufunguo na kusogeza jicho mpaka karibu liguse shaba. Leva ya kwanza inapanda, ya pili, ya tatu. "Mjomba, zimesimama zote!" Kisha ulimi wa kufuli unateleza, upinde unaruka, tak. Huufunga akaanza upya. Mama naye, akiusikia mlio huo kutoka jikoni, huacha kukuna nazi akasikiliza.